Tabora Boys, Tabora Girls na Milambo: ipi ni ya nani, na Nyerere alikuwa wapi

Kila ikifika Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa nchi yetu, watu wanaanza kubishana kuhusu Mwalimu na Tabora. Mmoja atasema Nyerere alifundisha Tabora Boys, mwingine atakuja juu kwamba hapana, alisoma St Mary's kwa mapadre, wa tatu anatokea anasema hiyo St Mary's haipo siku hizi ilishafungwa, na anakuwepo mwingine anayeamini hizo zote ni shule moja iliyobadilishwa majina. Ukweli ni kwamba kila mmoja ameshika kipande. Shule hizi zipo mji mmoja, zina umri mkubwa, majina yamebadilika, wenyewe wamebadilika, na historia yake inagusa serikali ya Mwingereza, kanisa, machifu na TANU (chama kilichopigania uhuru), kwa hiyo kuchanganya ni rahisi sana. Ngoja tuipange taratibu, na nitakaa zaidi kwenye Tabora Boys manake hapo ndo kuna mambo.

Kwanza kwa nini Tabora. Mtu wa leo akiangalia ramani anajiuliza kwa nini Mwingereza aende kuweka shule yake kubwa katikati ya miombo huko Unyamwezini wakati Dar ipo pwani. Lakini Tabora enzi hizo haikuwa pembeni hata kidogo. Misafara ya pembe ilikuwa inapita pale karne nzima ya 19 kuelekea Ujiji na kuelekea Ziwa Victoria, watu wa kila kabila walishazoea kukutana pale, na Kiswahili kilikuwa kimeshakolea. Mjerumani akaleta reli, ikafika Tabora 1912. Vita vya kwanza vikaja, Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916, baadaye ukawa chini ya Mwingereza na nchi ikaitwa Tanganyika. Reli ya kwenda Mwanza ikakamilika 1928, hapo Tabora ikawa njia panda kabisa, ukitoka Kigoma unafika, ukitoka Mwanza unafika, ukitoka Dodoma na pwani unafika. Kwa shule ya bweni inayochukua watoto kutoka nchi nzima usingepata sehemu nzuri zaidi ya hiyo.

Sasa shule yenyewe. Mwaka unaotajwa sana ni 1922, na ukisoma vitabu vya historia utakuta 1925. Watu wanagombana bure hapo. 1922 ndio mwaka ambao shule inajihesabia kuzaliwa, 1925 ndio mwaka ambao Tabora ilifunguliwa rasmi kama shule ya watoto wa machifu, na hiyo ya pili ndio iliyoipa sura tunayoijua. Na sio kwamba ilikuwa shule ya kwanza ya serikali Tanganyika, hapana, Mjerumani alishafungua ya kwake Tanga mapema miaka ya 1890, kabla hata ya vita vya Maji Maji.

Mwaka huohuo 1925 ndio alikuja Gavana Donald Cameron, na huyu bwana alikuwa na jambo lake moja, kutawala kwa kupitia machifu. Alikuwa ametokea Nigeria ambako Waingereza walishaufanyia kazi utaratibu huo, akaja nao huku, na 1926 ikatoka sheria ya mamlaka za wenyeji iliyompa chifu mahakama yake, hazina yake na wajibu wa kukusanya kodi. Ukishampa chifu kazi hizo unahitaji chifu anayejua kusoma, kuandika, kushika hesabu na kuelewana na bwana DC, yani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Machifu wengi waliokuwepo walikuwa wazee ambao shule hawakuiona. Kwa hiyo wakaangalia watoto wao. Ukiielewa hiyo utaelewa kila kitu kuhusu Tabora School ya mwanzo, yani ile shule haikujengwa ili kupandisha elimu ya Mwafrika kwa jumla, ilijengwa ili mtoto wa mtemi, yani chifu, akirudi nyumbani awe mtemi anayefanya kazi na serikali bila kusumbua.

Na waliupeleka huo mpango mpaka bwenini. Miaka ya mwanzo wanafunzi walipangwa kwa makabila, kila kundi na kiongozi wake kama chifu wake, yani mle ndani ya uzio kukawa na utawala mdogo wa kichifu unaofanana na ule wa nje. Wazo lilikuwa kwamba mtoto asitolewe kwenye kabila lake, abaki Mhehe, abaki Msukuma, abaki Mhaya, tena azoee kuongoza watu wake tangu yuko darasani. Wenzao wa Malangali kule Iringa, shule iliyoanzishwa 1928 na Mwingereza aitwae Mumford, walienda mbali zaidi, wakaleta wazee wa kienyeji wawafundishe vijana mila. Ukitazama hivyo vitu kwa macho ya leo unaweza ukavipenda, nani asiyependa watoto wajue mila zao. Mimi naona shida ipo kwenye nia. Mila zilikuwa zinatumika kumzuia kijana asiwaze nje ya mpaka wa kabila lake.

Ule mpango haukudumu ulivyotakiwa. Ukikusanya vijana wenye akili kutoka kila kona ya nchi ukawaweka kwenye shule moja, wakala pamoja, wakacheza pamoja, wakaongea Kiswahili usiku kucha baada ya taa kuzimwa, huwezi tena kuwaambia kila mtu abaki kwenye kabila lake. Mgawanyo wa makabila ukaja kuachwa. Na serikali yenyewe ilihitaji makarani, walimu, wasaidizi wa hospitali, watu wa kilimo, na watoto wa machifu peke yao wasingetosha, kwa hiyo mlango ukapanuka, wakaingia wengine waliofaulu tu. Rashidi Kawawa alipita pale na baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Oscar Kambona alipita pale na baba yake alikuwa padri wa Anglikana. Lakini pia kina Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, palepale Tabora, na Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe, hao walikuwa damu ya utemi kabisa. Mseto huo ndo ulikuwa Tabora.

Nyerere yeye aliingia 1937. Kwa asili alikuwa ndani ya lile kundi lililolengwa, baba yake Burito alikuwa chifu wa Wazanaki kule Butiama, ingawa uchifu wa Wazanaki ulikuwa mdogo ukilinganisha na wa Wahaya au Wanyamwezi. Alianza Mwisenge pale Musoma mwaka 1934, akafanya vizuri mno, akapelekwa Tabora. Kwa watoto wa Mara njia ilikuwa kuvuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza afu treni mpaka Tabora. Alikaa mpaka 1942, mwaka uliofuata akaenda Makerere.

Kipindi hicho shule ilikuwa inaitwa Eton ya Tanganyika, yani waliifananisha na ile shule ya wakubwa wa Uingereza, na kweli waliiga mengi, hasa utaratibu wa viranja. Aliyesoma bweni anajua kiranja ni nani. Kijana Nyerere alianzisha pale chama cha midahalo, walimu wakampendekeza awe kiranja mkuu, hedimasta akakataa. Sababu aliyotoa ni kwamba huyu kijana ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mimi hiyo habari huwa inanigusa kila nikiisoma. Kwa kipimo cha ile shule kiongozi alikuwa mtu wa kuogopwa, na kijana wa miaka 20 hivi ambaye wenzake walikuwa wanamsikiliza bila kuogopeshwa akaonekana hafai.

Sasa tunaingia kwenye sehemu inayochanganya watu. Alipomaliza Makerere 1945 Nyerere alipata nafasi mbili za kufundisha, zote Tabora. Moja ilikuwa kwenye shule aliyosoma, ya serikali, yenye mshahara mkubwa zaidi. Nyingine ilikuwa St Mary's, shule ya Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki, mshahara mdogo. Akachagua ya mapadre. Alikuwa ameshabatizwa, Desemba 1943, akachukua jina la Julius, kwa hiyo imani ilikuwemo, lakini huwezi kusema ni imani tu, mtu ambaye hakutaka kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni alikuwa na nafasi zaidi ya kusema mambo akiwa St Mary's.

Kwa hiyo shika hapa: Nyerere alisoma Tabora School ya serikali, ambayo leo ni Tabora Boys. Alifundisha St Mary's ya mapadre, ambayo leo ni Milambo. Ni shule mbili, mji mmoja, wenyewe tofauti.

Na kuna siku hizo shule mbili zilikutana na yeye akiwa katikati. Ulifanyika mdahalo, Nyerere upande mmoja na walimu wawili wa Tabora Boys upande mwingine. Hoja ilikuwa kwamba tangu Afrika igawanywe Mwafrika amefaidika kuliko Mzungu. Hebu fikiria hoja hiyo inasemwa hadharani Tabora, miaka ya vita kuu ya pili imeisha juzi tu, vijana wa Kiafrika wamerudi kutoka vitani Burma, kodi ipo palepale, na mtu anasimama kusema Mwafrika ndiye aliyepata zaidi. Nyerere alipinga, akashinda, na baada ya kushinda akapigwa marufuku kurudi kwenye ile shule. Yani shule iliyomlea, ambayo alianzisha chama cha midahalo akiwa mwanafunzi, ikamfungia mlango kwa sababu ya mdahalo.

Miaka hiyohiyo akiwa St Mary's alikuwa anawafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bure jioni, akawa mweka hazina wa tawi la Tabora la TAA, chama cha Waafrika kilichokuja kuwa TANU, tawi likafungua duka la ushirika la sukari, sabuni na vitu vidogovidogo vya nyumbani, na mwaka 1946 akaenda Dar kwenye mkutano wa TAA. Yeye na mwalimu mwenzake Andrew Tibandebage wakawa wanashughulikia katiba ya chama. Mkuu wa shule, Padri Richard Walsh, ndiye aliyemsukuma aende kusoma zaidi Uingereza, na 1949 akaondoka kwenda Edinburgh. Wengi huanza kuhesabu siasa za Nyerere na Pugu, shule aliyofundisha baadaye, na mwaka 1954 TANU ilipoanzishwa, lakini ukitaka kuona alipojifunzia kazi yenyewe, vikao, hesabu za chama, kubishana na mkubwa bila kutetereka, ni Tabora.

Mji wenyewe ukarudi kwenye historia Januari 1958 TANU ilipofanyia mkutano wake mkuu Tabora, ule wa uamuzi wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Wengi walitaka kususa, Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu hakukubali akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Hilo ni jambo la mji zaidi kuliko la shule kwa hiyo nalipita haraka, ila ujue tu kwamba Nyerere alipokuwa anasimama mbele ya wale wajumbe alikuwa kwenye mji anaoujua tangu akiwa kijana mdogo.

Uhuru ukaja, na hapa ndo kuna kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta uchifu kisheria. Nani walikuwa kwenye uongozi wa nchi? Nyerere, mtoto wa chifu, zao la shule ya watoto wa machifu, ndiye Rais. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndiye Spika wa Bunge. Fundikira alikuwa ameshakuwa waziri kwenye baraza la kwanza, na mwaka huo huo akajitoa serikalini. Cameron na watu wake walijenga Tabora ili uchifu udumu vizazi na vizazi, na haikupita miaka arobaini tangu 1925 watu waliotoka kwenye madarasa yaleyale wakaumaliza. Mimi siamini ilitokea kwa bahati. Kijana aliyekaa bweni moja na Mnyamwezi, Mchaga, Mngoni na Mmakonde kwa miaka mitano sita, wote wakiwa na akili kama yeye, anaanza kujiuliza kwa nini mmoja azaliwe mtawala na mwingine azaliwe mtawaliwa.

Ila lazima tuseme na upande wa pili. Shule kama hiyo ilikuwa ya wachache mno. Mwaka 1961 tunapata uhuru, wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Watu 176 kwa nchi nzima! Hizo ni hesabu za Nyerere mwenyewe kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, na hapo alikuwa analalamika kwamba elimu tuliyorithi inamfanya kijana ajione yuko juu ya wazazi wake walioko shambani. Aliyeandika hivyo alikuwa amesoma Eton ya Tanganyika, alijua anachokisema. Baada ya hapo shule zote, Tabora Boys ikiwemo, zikatakiwa ziwe na mashamba, mifugo na kazi za mikono, na kila aliyesoma miaka ya sabini ana habari zake za jembe.

Sasa turudi kwa St Mary's ilivyogeuka. Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya elimu iliyoiruhusu serikali kuchukua shule za mashirika ya dini na watu binafsi, utekelezaji ukaanza 1970. Ndio kutaifishwa kwenyewe. Shule nyingi zikabadilishwa majina: St Francis ya Pugu ikabaki Pugu tu, St Joseph's ya Dar ikawa Forodhani, Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala, Aga Khan ya Dar ikawa Tambaza. St Mary's ya Tabora ikapewa jina la mtemi Mirambo aliyetikisa njia zote za misafara mpaka alipofariki 1884, ndio Milambo Sekondari unayoisikia. Kwa hiyo anayesema St Mary's ilifungwa hajakosea sana, jina na wenyewe waliondoka, lakini shule iliendelea.

Tabora Boys yenyewe haikuhitaji kutaifishwa kwa sababu haikuwahi kuwa ya dini, ilikuwa ya serikali tangu siku ya kwanza, serikali ndo iliyobadilika. Tabora Girls vilevile, ni shule ya serikali ya wasichana, jirani, na haitoki kwenye ubavu wa Milambo wala haikuwahi kuwa ya masista kama wengine wanavyodhani.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wazazi, hili jambo la vipaji maalum. Tabora Boys na Tabora Girls zimo kwenye kundi la shule za serikali zinazochukua wanafunzi waliofaulu sana, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato. Watu wanadhani ni kundi la shule za kale za serikali. Sio hivyo. Ilboru chimbuko lake ni Walutheri, Kilakala ilikuwa ya Wakatoliki kama nilivyosema, Kibaha ilitokana na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya sitini. Kinachoziunganisha ni namna ya kuchagua wanafunzi, yani mtoto wa Kigoma mwenye alama za juu darasa la saba anaweza kupangiwa huko na mtoto wa Tabora mjini anayeishi jirani na uzio wa shule asipangiwe. Wenyeji wa Tabora hili huwa linawauma na nawaelewa, lakini kama ulifuatilia historia yote hii utaona shule haikuwahi kuwa ya mji. Ilikuwa ya nchi nzima tangu mwanzo, mwanzoni kwa damu, baadae kwa alama.

Na swali la mwisho watu wanalouliza, leo mwenye shule ni nani hasa? Manake ukipeleka tatizo utaambiwa nenda wizarani, wizarani wanakwambia nenda TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Iko hivi. Wizara ya Elimu inashika sera, mitaala na ukaguzi wa ubora. Mitihani ni NECTA, baraza lililoundwa 1973 baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Uendeshaji wa kila siku, walimu, majengo, kupangiwa wanafunzi, uko TAMISEMI na halmashauri, huo utaratibu wa sekondari kuwa chini ya halmashauri ulikuja kuelekea 2010, baada ya shule za kata kutapakaa kila sehemu na wizara peke yake kushindwa kuzibeba. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, ya kidato cha tano na sita ikafuatia kwenye bajeti ya 2022. Kwa hiyo kama kijana wako kapangiwa Tabora Boys na kuna shida ya bweni au walimu, anza na mkuu wa shule kisha ofisi ya elimu sekondari ya Manispaa ya Tabora. Na kama unatafuta kumbukumbu za mzee wako aliyesoma "kwa mapadre Tabora" kabla ya 1970, usihangaike Tabora Boys, nenda kaulize Milambo na pale kwenye jimbo la Kanisa Katoliki Tabora.